Ukuta Uliocheza Kasungami

Ukuta ulikuwa umecheza. Kasungami nzima iliuona ukicheza, kwenye simu, kabla hata maiti haijazikwa.

Ulikuwa ukuta wa lupango, ua wa nyumba ya Bwana Ephraïm. Ulianguka mchana mkavu, bila mvua wala upepo, ukamlalia Mama Simone aliyekuwa akiuza makala, yaani mkaa, chini yake. Kesho yake filamu ikaanza kutembea simu kwa simu: ukuta uleule, siku moja kabla ya kuanguka, umepigwa picha kutoka juu, unajinyonga kiuno kama shangazi kwenye harusi. Wengine walisema bulozi, uchawi. Wengine, wenye shule, walisema simenti kidogo. Wenye shule walishinda, na Osée, mwashi aliyeujenga, akalala kasho, mahabusu ya polisi.

Mado Mujinga, afisa wa upelelezi ambaye watu walimwita Mama OPJ, alikuwa na siku hii moja tu. Kesho asubuhi gari lingempakia Osée kumpeleka parquet, kwa waendesha mashtaka, na mtu akishapandishwa lile gari, kumteremsha ni kama kumrudisha kuku ndani ya yai.

Asubuhi Osée alimwambia kupitia nondo: "Mama, nilimukatazaka yule Bwana asichimbe kichuguu. Ukuta iliegemea pale. Akichimba, ukuta inabakia kwa nini? Kwa hewa?"

Mado alikwenda kwa Ephraïm. Kichuguu kilikuwapo. Kutoka getini alikiona kwa macho yake mawili, chekundu, kirefu kupita nyumba, na majani kichwani. "Ninakiachia bowa, Mama," Ephraïm alisema. "Mvua ikinyesha, uyoga unatoka pale, wa kujaza beseni. Nani anachimba sahani yake?" Alikuwa mtu wa sauti nzuri. Pale ukuta ulipoanguka alikwisha kusimamisha mabati, kwa sababu ya wezi, alisema, na nyuma ya mabati alikuwa na mbwa, kwa sababu ya wezi tena. Mado hakuwa na ruhusa ya kupita getini. Parquet haitoi ruhusa kwa sababu mama mmoja mzee pua inamwasha.

Ikabaki filamu. Na filamu ilikuwa na mwenyewe.

Papa Élie aliishi mwisho wa njia, pale nyumba zinapochoka na mashamba ya mahindi yanaanza. Alikuwa mjane, mtu wa reli, mtoto wa mtu wa reli. Barazani palikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto wa kitambaa. Mado akaelekea kwenye mto, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na akili kuliko yeye.

"Hapana ile, Mama," Papa Élie alisema, akamvutia kile kingine.

"Ile iko ya nani?"

"Ya mugeni."

"Na mimi niko nani?"

"We uko polisi."

Mado akakaa kwenye mbao. Kando ya kiti cha mto, chini, ardhi ilikuwa na doa jeusi la majani ya chai, jipya juu ya la zamani. Aliliangalia, akaacha.

Juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, ililala droni. Papa Élie aliiita kandeke. Ilikuwa kubwa kidogo kuliko kunguru, mikono minne, juu ya kila mkono panga la plastiki la kuzunguka, na chini ya tumbo kamera imening'inia kama chuchu ya mbuzi.

"Benita njo alinitumia, mutoto wangu. Iko Afrika ya Kusini. Alisema: papa, nionyeshe nyumbani. Basi kila siku ninapitisha njia moja. Natoka hapa, napita juu ya lupango ya Ephraïm, juu ya parokia, mpaka kwa makaburi. Mama yake analala kule."

"Na Benita anasema nini?"

"Ana kazi mingi." Alichukua kitambaa akaifuta kandeke, ambayo haikuwa na vumbi. "Mara ya mwisho alisema film inamuumiza kichwa. Sasa haangaliake."

"Nionyeshe ile ya ukuta."

Alifungua kompyuta. Ukuta ukatokea, ukaanza mambo yake. Mado hakuuangalia. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kioo, ukuta wote ukapotea chini ya vidole.

"Ukuta nimeufunika, Papa. Sasa huyu anayecheza ni nani?"

Papa Élie akasogeza uso. "Poteau ya courant, ile nguzo ya umeme."

"Na huyu?"

"Mbuzi."

"Mbuzi naye alikosa simenti?"

Papa Élie akakunja kitambaa cha kufutia kandeke.

"Kama nimemufunga Osée juu ya ukuta kutetemeka, itabidi nifunge na poteau. Na mbuzi. Kasho yetu iko kadogo, Papa."

"Labda udongo ilitetemeka siku ile."

"Chungu yangu ya maharagi ingeniambia. Kandeke yako je?"

"Kandeke yangu haitetemeke." Alilisema haraka, kama mume anayeulizwa kama anakoroma.

Mado hakubishana. Kubishana ni kazi ya watu wenye muda. "Basi irushe. Unipigie picha ya ukuta wa parokia."

Ukuta wa parokia ulijengwa na mapadri wa zamani, mnene, mbuzi analala juu yake na kugeuka bila kuanguka. Hakuna aliyewahi kuushuku. Kandeke ikapanda. Mado alisimama chini akaisikiliza. Haikulia kwa uzi mmoja. Ililia vuu-vu, vuu-vu, kama nzi mwenye bawa moja lililochoka. Ilikwenda, ikarudi, ikatua. Wakaangalia.

Ukuta wa mapadri ulipiga rumba. Mnara wa kanisa uliinama kushoto, ukainama kulia, kama unasalimia wakwe.

"Nimukamate na padri?" Mado aliuliza.

Papa Élie alicheka kidogo, akaacha alipoona Mado mwenyewe hacheki.

"Sikiliza, Papa. Film peke yake haifunge muntu. Ephraïm alikuuliza mbele ya bantu kama kandeke yako iko muzima. Ukasema iko muzima kabisa. Maneno yako hiyo iko ndani ya dosye. Osée anafungwa na ulimi yako. Kesho asubuhi wanamupakia."

Mahindi makavu yalikwaruzana upande wa shamba. Papa Élie aliangalia kiti cha mto.

"Anakuyaka hapa," alisema.

"Nani?"

"Ephraïm. Bibi yangu, mama ya Benita, alipokufa, bantu walijaa lupango hii mpaka kwa njia. Walilia, wakakula, wakaenda. Hakuna mwenye alirudi, yeye tu. Anaikala pale, ninamuonyesha film. Sasa anasimama mbele ya bantu, ananiuliza: Papa Élie, kandeke yako iko muzima? Ningesema nini? Ningesema ninamuonyeshaka takataka?"

"Kwa hiyo inatetemeka."

"Inatetemeka." Akageuza droni tumbo juu, kama mganga anayeonyesha jipu. "Hii panga iligonga muti ya parachichi, avocat ya jirani. Ncha ikakatika, nikabandika na colle. Upande moja iko nzito, upande moja mwepesi. Ikizunguka, yote inatetemeka. Na kamera nimeifunga na vis, skrubu za chuma, chuma kwa chuma, kwa hiyo haipone."

"Na kwa nini kitu cha wima kinajikunja? Mimi nikitetemeka na homa, sioni ukuta ukijikunja."

"We unaona yote mara moja. Kamera hii inasoma picha mustari kwa mustari, kutoka juu mpaka chini, kama mutoto anasoma katekisimu. Ukimusukuma-sukuma wakati anasoma, mistari inaenda huku na huku."

"Dawa yake?"

Papa Élie alirudisha kandeke juu ya kitambaa chake. Halafu akaingia ndani, akarudi na kisanduku ambacho hakijafunguliwa. Ndani yake palikuwa na mapanga manne mapya.

"Niliyaweka kwa siku Benita atakuya. Nilitaka aone nikirusha vizuri."

"Benita akikuya, atakuta Osée amekuwa babu."

Mzee akapasua karatasi kwa kucha.

Alileta sindano ya kushonea na vikombe viwili. Akapitisha sindano kwenye tundu la panga la kwanza, akailaza juu ya vikombe. Panga likabaki limelala, sawasawa kama daraja. La pili, sawa. La tatu likainama upande mmoja, taratibu, kama mtu anayesinzia misani.

"Hata mupya?" Mado aliuliza.

"Hata mupya." Alikata kipande cha utepe wa scotch kama ukucha wa mtoto, akakibandika kwenye upande mwepesi. Bado likainama kidogo. Akaongeza kingine. Likatulia. La nne lilikuwa sawa.

Halafu akafungua zile vis za kamera. Alikwenda jikoni akachukua sponji ya kuoshea sahani, akakata vipande vinne, akaviweka kati ya kamera na tumbo la kandeke, akakaza polepole, si sana. "Ukikaza sana, sponji inakuwa chuma," alisema. "Lazima kamera iikale kama muntu kwa matela, sio kwa mbao." Alipolisema hilo aliangalia kiti alichomkalisha Mado, akakohoa.

"Na jua hii," aliendelea. "Jua ikiwa kali, kamera inafumba jicho mbio mbio, kila kutetemeka kadogo kanaonekana. Ingekuwa na miwani ya nyeusi, ingefumba polepole, kale kadogo kangeyeyuka."

Mado alivua miwani yake. Ilikuwa ya plastiki, nyeusi, ya sokoni. Alikuwa akiivaa kuwatisha wezi, maana macho yake yenyewe yalikuwa ya bibi wa kuuza karanga.

"Kata," alisema.

"Mama OPJ!"

"Kata upande moja. Wezi watanizoea."

Kandeke ikapanda mara ya pili, na kipande cha miwani ya polisi kimebandikwa mbele ya jicho lake. Safari hii ililia kwa uzi mmoja tu, mwembamba, ulionyooka mpaka ukapotea juu ya parokia. Papa Élie hakupumua hadi iliporudi.

Kwenye kioo, poteau ilisimama kama askari mbele ya jenerali. Mbuzi alikula majani, kwa adabu, bila kucheza. Mabati ya Ephraïm yalikuja taratibu, yakapita chini, na nyuma ya mabati kikatokea kichuguu.

"Simamisha," Mado alisema.

Kutoka getini kilikuwa kizima. Kutoka juu kilikuwa jino bovu: mbele zima, nyuma tundu. Mtu alikuwa amekila kwa ndani akaacha ganda, kama mtoto anayekula mkate akamwachia mama yake ngozi. Alama za chepeo la kuchimbia zilionekana moja moja. Shimo lilishuka mpaka chini ya mabati, pale pale msingi wa ukuta ulipokuwa. Nyuma ya nyumba, chini ya nyasi zilizotandazwa, matofali mabichi yalipangwa mistari kwa mistari, rangi moja na kichuguu.

"Sasa rudisha ile ya zamani." Alitia kidole pale pale. "Hapa kuna kitu cheusi kinacheza-cheza. Bantu walisema ni nini?"

"Kivuli ya avocat. Bote tulisema vile. Inachezacheza kama majani kwa upepo."

"Kivuli cha poteau kinalala upande gani?"

"Wa parokia."

"Cha mbuzi?"

"Wa parokia."

"Na hiki?"

Papa Élie aliinama hadi pua ikakaribia kioo. "Upande wa njia. Upande wenye jua inatoka."

"Muti gani unatupa kivuli kwa jua, Papa?"

Hakukuwa na mti kama huo. Lilikuwa shimo. Kandeke mgonjwa ilitikisa kila kitu sawasawa. Ukuta wa wima ukaonekana mlevi, na shimo jeusi likaonekana majani. Na watu, macho yao yote yalikuwa kwa yule anayecheza.

Mado alipiga simu kituoni, akaita askari wawili waje na mtu wa parquet mlangoni kwa Ephraïm. Sababu sasa alikuwa nayo. Alikuwa bado ameshika simu mkononi aliposikia sauti nzuri njiani.

"Hodi, Papa Élie!"

Bwana Ephraïm aliingia, akakaa kwenye kiti cha mto bila kukaribishwa, kama mtu kwake. "Ah, Mama OPJ. Bado unatafuta? Mambo ingine tumuachie Mungu."

"Mungu ana kazi mingi," Mado alisema. "Kama Benita."

Papa Élie alimimina chai. Akaweka kikombe mbele ya mgeni wake, kwa mikono miwili. Ephraïm hakukigusa. Aliangalia kompyuta.

"Leo umerusha, Papa? Nione."

"Nimerusha," Papa Élie alisema, "lakini kwanza ninasema kitu. Kandeke yangu ilikuwa inatetemeka. Tangu avocat. Nilikudanganya mbele ya bantu. Ukuta ya Osée haikucheze."

"Papa, wewe ni mzee, unachanganya..."

"Sichanganye. Leo haitetemeke. Angalia."

Ephraïm aliangalia. Poteau, mbuzi, mabati, jino. Sauti yake nzuri haikujua pa kutokea.

"Ulianza kukuya hapa wakati gani?" Papa Élie aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka mwenyewe. "Ulikuya ukaniuliza: kandeke yako inaonaka nini kwangu? Mimi nikafurahi, nikasema, muntu anapenda film zangu. Kila mara unaangalia kipande ya lupango yako, kisha unaenda. Mbele ya kufika makaburi. Haukufikaka kwa makaburi hata siku moja. Na kikombe yako ninaimwagaka pale chini, iko imejaa."

Mado hakuliangalia doa la chai. Alishaliangalia.

"Nilitaka matofali tu," Ephraïm alisema hatimaye. "Udongo ya kichuguu inatoa tofali muzuri, Mama, unajua. Sikujua itaanguka."

"Osée alikuambia."

"Osée ni fundi. Bafundi banasemaka mambo mingi." Alishika kikombe, akakirudisha mezani. "Mama Simone alinisalimia asubuhi ile. Aliniambia: patron, ukuta yako inanipa kivuli muzuri."

Askari walipomkosa kwake wakaja kwa Papa Élie, wakamkuta bado amekaa kwenye mto, na chai imepoa, imejaa.

Mado alikwenda nao mpaka nyuma ya mabati. Mbwa mkali alikuwa mbwa mdogo mwenye upele, akamlamba kiatu. Mtu wa parquet alishuka ndani ya shimo, akapima, akatoka na magoti mekundu. Baada ya hapo Mado akarudi barabarani kwa miguu, peke yake, miwani ya jicho moja usoni. Juu yake alisikia uzi mmoja mwembamba ukimfuata. Hakuinua kichwa. Aliinua mkono.

Jioni Osée alitoka kasho. Walimrudishia mkanda na kamba za viatu. Agnès, mke wake, alikuwa amekaa ukutani kwa kituo na kikapu cha bukari, ugali uliofunikwa, tangu asubuhi, na hakuna aliyemwambia aondoke wala aingie.

Osée hakuuliza juu ya Ephraïm. "Mama," alisema, "ukuta yangu ilikuwa wima?"

"Wima, baba. Wima kupita sisi wote."

Akafunga kamba za viatu, akachukua kikapu, wakaenda na Agnès upande wa Hewa Bora, wakigombana nani abebe.

Ofisi ikabaki na Mado na kiti chake. Simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa filamu, kutoka kwa Papa Élie. Alifungua. Njia ya Kasungami, nyekundu, imenyooka, mahindi huku na huku. Katikati yake mwanamke mmoja mnene anatembea kama bata aliyechelewa misa. Mbele yake hakuna mtu. Nyuma yake hakuna mtu. Kila jani la mahindi lilionekana, kila jiwe. Mwanamke akainua mkono, bila kuangalia juu, kisha akawa mdogo, mdogo zaidi. Kamera ikageuka, ikapita juu ya parokia, ikafika makaburini, ikasimama juu ya msalaba mmoja mweupe muda mrefu, ikarudi barazani. Viti viwili. Mto ulikuwa umehamishwa, uko kwenye kile cha mbao.

Chini ya filamu Papa Élie alikuwa ameandika: *Benita ameangalia yote. Kichwa haikumuume. Anauliza: papa, huyu mama ni nani, anatembea peke yake?*

Mado aliangalia tena kutoka mwanzo. Hakuna kilichotetemeka.

Akaandika: *Polisi.*

Akafuta. Akaketi kidogo. Akaandika: *Mugeni.*